Tangawizi imepunguza kichefuchefu, ila kiungulia kimezidi (mimba ya wiki 16). Nakosea wapi?

Mama_Kijacho: Habari zenu wapendwa. Nachemsha kipande cha tangawizi kama kidole gumba kwa nusu saa, nakunywa vikombe 4 kwa siku, cha mwisho nikienda kulala. Usiku kifua kinawaka. Na tangu nianze vidonge vya kuongeza damu, choo ni kigumu.

BintiMkunga: Hongera kwa ujauzito, mpendwa. Umekosea kipimo na saa. Tangawizi ni ya kichefuchefu; ikiwa kali, yenyewe inaleta kiungulia. Homoni za ujauzito hulegeza ule mlango kati ya umio na tumbo, na ukilala tumbo limejaa, asidi inapanda.

Menya tangawizi mbichi, ikune, pima nusu kijiko cha chai. Mwagia maji ya moto ml 250, funika dakika 7, chuja. Usiitokose, maana moto wa muda mrefu unaiongezea ukali. Ukimeza koo likawasha, ongeza maji. Vikombe 2 vinatosha, asubuhi na mchana. Ya unga isizidi gramu 1 kwa siku, yaani kama nusu kijiko cha chai, nayo uigawe. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiguse kabla ya kumuuliza daktari.

Zawadi_K: Kwa kiungulia si anywe mnanaa? Unapoza.

BintiMkunga: Unatuliza gesi, Zawadi, lakini unalegeza mlango uleule, kwa hiyo asidi inazidi kupanda. Kiungulia kinataka milo midogo midogo, saa 3 kati ya kula na kulala, kulalia ubavu wa kushoto, na kuinua kitanda upande wa kichwani kama sm 15. Kurundika mito kunakunja tumbo tu. Magadi usinywe, yana sodiamu nyingi.

Mama_Kijacho: Asante sana dada. Na choo? Nimeshauriwa shubiri au mafuta ya nyonyo.

Lishe_Bora: Tafadhali, vyote viwili acha kabisa! Nyonyo inaweza kuamsha uchungu, na utomvu wa shubiri unasokota utumbo kwa nguvu. Tumia maganda ya isabgol (maganda ya mbegu za psyllium, yenye nyuzinyuzi za kulainisha choo): kijiko 1 cha chai kwenye maji ml 250, koroga, kunywa papo hapo kabla hayajawa uji mzito, kisha ongeza glasi nyingine ya maji. Wengi hukosea hapo kwenye maji: yakiwa machache, maganda yanavimba na kukwama, na choo kinazidi kufunga. Subiri siku 2 au 3 uone matokeo. Yaachanishe na vidonge vya damu kwa saa 2, na vidonge vyenyewe usiviache. Kama vinakusumbua, kliniki watakubadilishia.

BintiMkunga: Nyongeza muhimu. Ukitapika kila unachomeza siku nzima, au mkojo ukawa mweusi na kidogo, nenda hospitali. Na kuanzia wiki 20, maumivu makali chini ya mbavu za kulia pamoja na kichwa kuuma au macho kuona ukungu yasichukuliwe kuwa kiungulia. Huenda ni kifafa cha mimba kinanyemelea, nenda saa hiyohiyo hata kama ni usiku.