Yah: Shule imerudisha ibuprofen ya mtoto mwenye tezi za tumbo

Mama Zuu: Wadau, salaam. Ofisi ya shule imerudisha chupa, eti daktari kaandika "tezi za tumbo zimevimba" bila kutaja mililita wala saa. Mtoto ana kilo 20, dawa ni miligramu 100 kwa mililita 5. Kwenye fomu ya shule, nafasi ya "kiwango cha juu kwa siku" niijaze nini, na anasaini nani?

Rama: Miligramu 10 kwa kila kilo: 200, yaani mililita 10, mara tatu kwa siku, zikipishana saa 6 hadi 8. Pima kwa bomba la sindano, vijiko vya chai havilingani. Na tikisa chupa! Dawa hutuama, dozi za mwanzo zinakuwa nyepesi na za mwisho kali.

Bi. Mwanaidi: Kaka Rama, taratibu. Ni miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, na lebo isomwe kwanza. Kuna chupa ya 200 kwa mililita 5, na matone ya wachanga yenye 40 kwa mililita moja. Mililita 10 za matone hayo ni 400, dozi maradufu. Halafu mbona hamkuuliza kama anatapika au anahara? Mwili ukikauka maji, prostaglandini, kemikali za mwili, ndizo zinazolinda mtiririko wa damu kwenye figo, na ibuprofen huzizima. Midomo mikavu, mkojo haba: asipewe. Badala yake parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, kila saa 4 hadi 6, isizidi dozi nne kwa siku. Mwenye tetekuwanga naye asipewe ibuprofen.

Rama: Sawa, shikamoo! Ila dawa ya maumivu si itaficha kidole tumbo?

Bi. Mwanaidi: Marahaba. Haimzuii daktari kukigundua. Kinachoficha ni kumeza na kukaa nyumbani. Maumivu yakihamia kulia chini, akashindwa kuruka kwa mguu mmoja, tumbo likakakamaa, ni hospitali hapo hapo.

Mzee Kombo: Antibiotiki je?

Bi. Mwanaidi: Za nini, mzee? Mara nyingi tezi huvimba kwa virusi, na hupoa zenyewe ndani ya wiki 1 hadi 4. Kama anahara damu, choo kipimwe kwanza, huenda ni bakteria aitwaye Yersinia.