MREJESHO: Vile vifaranga vyangu 12 vya "kuchi", sasa wana wiki 14

Wakuu, habari za siku. Wakiwa na wiki 6 niliwauliza yupi jogoo, yupi mtetea, na kama kweli ni kuchi (aina ya kuku wa kienyeji). Nashukuru sana kwa majibu.

Majogoo wametoka 5. Wanne tuliwatambua mapema kwa upanga (ile nyama ya kichwani) uliowahi kuwa mwekundu. Wa tano alitudanganya wote: upanga wake ulikuwa mdogo, umepauka, nikamweka upande wa mitetea, nusura nimuuze kwa jirani aliyetaka wa kutaga. Juzi nikamshika kwapani na kufunua manyoya ya mgongoni karibu na mkia. Yalikuwa membamba, yamechongoka ncha, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nikamshika dada yake: ncha za mviringo, butu, rangi imefifia. Hapo sikuwa na swali tena. Kwa kuchi msiharakie upanga, maana kwao huwa mfupi hata kwa jogoo. Subirini hayo manyoya ya kiuno, karibu na mkia, kuanzia wiki ya 12 hivi.

Yule aliyeshauri nimning'inize kifaranga kwa miguu ili kujua jinsia yake, samahani mkuu, nilijaribu na majibu hayakulingana kabisa na walivyotoka.

Kuhusu mbegu, mliosema chotara mlikuwa sahihi kwa 7. Wana upanga wa msumeno uliosimama, miguu mifupi. Watano waliobaki wana shingo ndefu, wamesimama wima, miguu minene. Hao ndio nawabakiza kwa mbegu, na yule jogoo wa tano yumo.