Michango ya Desemba: tuwanunulie wanafunzi vishikwambi, au tumpe mwalimu kifaa kimoja kinachofaa?

Mwalimu mtarajiwa, Moshi

Naomba tulijadili hili mapema, kabla watu hawajaanza kuchangishana. Nasomea ualimu hapa Moshi, Fizikia na Hisabati, na nimerudi chuoni kutoka mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kata huku mlimani. Nikiwa huko nilisikia mpango wa wazaliwa wa kata ile waishio mijini: wakirudi kwa Krismasi, wachange fedha za kununulia wanafunzi vishikwambi 40. Nia ni njema kabisa. Lakini naupinga mpango wenyewe, na nitasema kwa nini.

Kwanza nitenganishe jambo moja. Mwanafunzi anayesoma somo la kompyuta lazima aguse kompyuta. Hapo sina ubishi. Nazungumzia masomo mengine: Fizikia, Baiolojia, Jiografia, Hisabati.

Darasa nililofundisha lina wanafunzi zaidi ya 70. Vishikwambi 40 havitoshi hata mkondo mmoja wa darasa, achilia mbali shule nzima. Nani atavichaji vyote kabla ya kipindi cha kwanza? Vitafungiwa wapi wikendi? Kioo kikipasuka, anayelipa ni mzazi, mwalimu au shule? Kipindi ni dakika 40. Ukitoa dakika za kugawa, kusaidia waliokwama na kukusanya, somo linabaki na nini? Mwalimu anakuwa mtunza stoo.

Na jambo hili lina historia. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa shule za vijijini kwa wingi. Utafiti uliotoka mwaka 2012, uliofuatilia shule 319, ulionyesha kuwa kompyuta kwa kila mwanafunzi zilipanda kutoka 0.12 hadi 1.18, lakini alama za Hisabati na lugha hazikusogea. Vifaa vilifika, ufundishaji ukabaki vilevile.

Mimi nilijaribu njia nyingine. Kidato cha pili, mada ya umeme. Nikauliza: balbu mbili zimeungwa mfululizo kwenye betri, mkondo wa umeme ukishapita balbu ya kwanza, unapungua, unaongezeka, unabaki uleule, au unaisha kabisa? Kila dawati likanyanyua kadi ya karatasi. Programu inaitwa Plickers: kadi ina mchoro mweusi wa mraba, pande zake nne ni A, B, C na D, na jibu unalolichagua unaliweka juu. Mwalimu anapitisha kamera ya simu yake mbele ya darasa, simu inasoma kadi zote. Wanafunzi hawahitaji kifaa chochote.

Karibu darasa zima lilisema mkondo unapungua, yaani balbu ya kwanza imekula sehemu yake. Sikuwasahihisha. Niliwaambia kila mmoja amshawishi jirani yake, kisha wakanyanyua kadi tena. Utaratibu huu Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliuanza mwaka 1991, baada ya kugundua kuwa wanafunzi wake walikokotoa vizuri lakini dhana zenyewe hawakuzielewa. Baada ya ubishi huo ndipo nikafungua kwa projekta simulesheni (jaribio la kuigiza kwenye skrini) ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado na kuweka amita, yaani kipima mkondo, kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ile ya pili. Namba ileile mara tatu. Darasa lililipuka kwa maswali.

Simulesheni za PhET ni bure, nyingi unazipakua kama faili moja, unazibeba kwenye flashi na kuzifungua bila intaneti. Baadhi zina tafsiri ya Kiswahili. Kwa mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili na sasa anapambana na Fizikia ya Kiingereza, kuliona jambo kwanza kwa lugha anayoielewa ni msaada mkubwa mno.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: darasa lenye watoto wengi linahitaji kifaa kimoja kizuri mkononi mwa mwalimu anayejua kuuliza. Nikosoeni.

Mwalimu wa Fizikia, Arusha

Mwanangu, nimekusoma hadi mwisho na nimefurahi kuona kijana wa chuo anafikiria swali kabla ya kifaa. Vishikwambi 40 nami sivitaki. Ila hata hicho kifaa chako kimoja naona unakipa sifa ya kazi ambayo vitu vya bei ndogo vinaifanya.

Kura ya darasa inapigwa kwa vidole: kidole kimoja ni A, viwili ni B. Na sakiti yako inajengwa kwa balbu za tochi, betri na waya. Nenda soko la Kilombero hapa Arusha, kwa fedha kidogo utapata vifaa vya makundi kumi. Simulesheni haikosei kamwe. Waya halisi unalegea, betri inachoka, balbu mbili zenye maandishi sawa zinawaka tofauti. Mtoto akikaa anatafuta kwa nini, hapo ndipo anafanya fizikia. Na kwenye mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, NECTA wanamwekea waya na mita mezani, hawamwekei katuni.

Nimeona walimu vijana wakiacha maabara kwa sababu projekta ni rahisi zaidi. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Mwalimu mtarajiwa, Moshi

Shikamoo mwalimu. Hofu yako naichukua kwa uzito, na sitaki kuwa mwalimu wa namna hiyo.

Kuhusu vidole, nilianza navyo. Mwanafunzi mwenye mashaka hutazama dawati la mbele kwanza, halafu ndipo anyooshe. Mchoro wa kila kadi ya Plickers ni tofauti na wa mwenzake, kwa hiyo ukiangalia kadi ya jirani hujui amechagua nini. Isitoshe, simu inabaki na kumbukumbu: jioni ninapoandaa somo la kesho najua nani bado anaamini mkondo unaliwa. Katika watoto 70, kichwa changu hakiwezi kushika hayo. Kadi zenyewe zinaishia 63, ndiyo maana nilitoa moja kwa kila dawati, na ikasaidia kwa sababu wawili walilazimika kukubaliana kwanza.

Kuhusu balbu halisi, nakuunga mkono. Lakini balbu peke yake haijibu swali langu. Mtoto akiona balbu mbili zinafifia kuliko moja anasema, "Si unaona, umeme umeliwa!" Kumwonyesha kuwa mkondo ni uleule kila mahali kunahitaji amita, na pale shuleni hazikuwepo.

Mzaliwa wa Uru, naishi Dar es Salaam

Mimi ni mmoja wa wanaochangishana, ingawa si kwa shule hiyo. Dada, hoja zako ni nzuri, ila mbona Tanga vishikwambi vilifanya kazi? Mashindano ya Global Learning XPRIZE yaliwapa watoto wa vijiji karibu 170 vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, wakajifunza kusoma na kuhesabu, na mwaka 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, zikagawana zawadi. Hiyo ni Tanzania, si Peru.

Na niseme ukweli wa upande wetu. Mtu anayetoa fedha anataka kuona alichotoa. Kishikwambi mkononi mwa mtoto kinaonekana, betri ya kuendeshea kifaa cha mwalimu, iliyo nyuma ya mlango, haimshawishi mchangiaji.

Mwalimu mtarajiwa, Moshi

Kaka, Tanga ni mfano mzuri na unanisaidia. Watoto wale wengi wao hawakuwa wakienda shule kabisa. Kila mtoto alikuwa na chake, kwa muda wa miezi 15, vijijini kukawekwa vituo vya sola vya kuchajia, na programu zilitengenezwa mahususi kwa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) pasipo mwalimu. Watoto wa kata yangu wanaye mwalimu na wana mtaala wa sekondari. Mkinunua vishikwambi 40 bila programu iliyoandaliwa kwa masomo yao, mnakuwa mmenunua nusu ya kilichofanyika Tanga.

Kuhusu kuonekana: ninyi mnakuja Desemba shule zikiwa zimefungwa. Mnaona majengo, hamuoni somo hata moja. Naamini ndiyo sababu michango mingi inaishia kwenye vitu vya kupigwa picha.

Mama wa mwanafunzi, Pasua

Naomba na wazazi tusikilizwe. Mwanangu yuko kidato cha pili. Mwaka jana mwalimu mmoja alikuwa akituma maswali WhatsApp. Nyumbani simu janja ni moja, na baba yake anaondoka nayo alfajiri. Mtoto alikuwa anaandika maswali saa tatu usiku, siku nyingine hakuyapata kabisa, akaadhibiwa. Huo mpango wa kifaa cha mwalimu usije ukahamia nyumbani kimyakimya.

Lingine, simu inapiga darasa zima kamera. Majina ya watoto wetu yanakwenda wapi? Na bando analipa nani?

Mwalimu mtarajiwa, Moshi

Mama, shikamoo, na pole sana kwa hilo. Kumwadhibu mtoto kwa sababu ya simu ambayo hana ni uonevu, sina neno lingine. Msimamo wangu ni kwamba kazi ya nyumbani ibaki kwenye daftari.

Majina sikuyaweka. Kila dawati lilikuwa na namba tu, orodha ya nani ni nani iko kwenye daftari langu. Tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, na sikufundishwa habari zake hata mara moja darasani chuoni. Inapaswa kuwa sehemu ya mafunzo yetu. Bando nililipa mwenyewe, na hilo si sawa pia. Shule ikitaka njia hii iliweke kwenye bajeti yake kama inavyoweka chaki.

Fundi sola, Kiboriloni

Niongee kitaalamu kidogo kuhusu umeme wa hicho kifaa cha mwalimu. Projekta za taa za zamani zinakula wati 250 hadi 300. Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina wati-saa 1,200, na usiitumie chini ya nusu, itakufa mapema. Unabaki na 600, inveta nayo inapoteza kidogo. Hapo mna saa mbili hivi, au pungufu kidogo.

Mbadala ni TV bapa. Ya inchi 55 nyingi zinakaa kwenye wati 100 na kitu, betri ileile inawapa saa nne au zaidi, na mchana inaonekana. Projekta ya kawaida kwenye darasa lenye madirisha wazi mtatundika khanga hadi mchoke. Kasoro yake, watoto wa nyuma kabisa hawatasoma maandishi madogo, mwalimu lazima akuze picha au awasogeze mbele.

Mwalimu mtarajiwa, Moshi

Khanga tulitundika kweli, fundi, na bado picha ilikuwa hafifu. TV nimeikubali.

Kaka wa Uru, ombi langu kwako ni moja. Kabla shule hazijafungwa, kamati yenu imwombe mkuu wa shule awakutanishe walimu wa masomo, kila mmoja aandike mada tatu zinazomshinda kufundisha na anachokikosa katika kila mada. Ununuzi ufuate orodha hiyo.

Mzaliwa wa Uru, naishi Dar es Salaam

Hilo nalipeleka kwenye kamati wiki hii. Siahidi kwamba watakubali kuachana na vishikwambi, wengine wameshatangaza ahadi zao.

Mwalimu wa Fizikia, Arusha

Orodha ikianza kuandikwa, mimi naweka amita sita na voltimita sita juu kabisa, kabla ya TV. Simulesheni ije baada ya mtoto kuunga waya kwa mkono wake.

Mwalimu mtarajiwa, Moshi

Amita nakubali ziwe za kwanza, mwalimu. Kwenye mpangilio wa somo ndipo bado natofautiana nawe: kwa mada hii ningeanza na kura na simulesheni, waya zifuate kipindi kinachokuja, wakati kila mtoto ameshajua anabishania nini.