Naomba ushauri: sinia la vitafunwa kwa wageni, Kigoma

Habari zenu wapendwa. Jumamosi napokea wageni kama kumi na wawili, mawifi zangu wa Ujiji na rafiki zao. Kabla ya chakula cha jioni nataka kuwatengea sinia kubwa la kudokoadokoa, kama lile la Ulaya msimu wa majani kupukutika: nyama zilizokaushwa, jibini, tufaha, zabibu, karanga na asali, vyote pamoja.

Nyama zile nyingi ni za nguruwe, na wageni wangu ni Waislamu, kwa hiyo hazimo kabisa. Badala yake nina migebuka ya moshi (samaki wa ziwani kwetu), nimeitoa miiba na kuichambua vipande vidogo, na dagaa wetu waliokaangwa wakakauka hadi wanavunjika mdomoni, ndimu pembeni. Kwa kweli sioni nyama ya kopo itakayowashinda hao. Asali ya Tabora ipo, karanga zipo, nanasi na papai vipo.

Nimejaribu kupanga jana mchana. Nanasi lilishika harufu ya samaki, na jibini la dukani likaanza kutoa mafuta hata wageni wangekuwa hawajaketi. Joto la huku mnalijua.

Naomba kujua: samaki na matunda vinaweza kukaa sinia moja, labda kwa vibakuli au majani ya mgomba, au nitenge mawili? Na mahali pa jibini niweke nini chenye chumvichumvi kinachoendana na asali, kisichoharibika barazani kwa saa nzima?

Natanguliza shukrani.