Mti wa chunguni usiojulikana jina: ni mstafeli, mlangilangi au kitu kingine?

Mpangaji wa Tanga

Habari zenu wanajukwaa. Mwezi uliopita tulihamia nyumba ya kupanga hapa Tanga mjini, na uani tukakuta chungu kikubwa cha saruji chenye mti ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuutaja jina. Urefu wake unanifika kifuani, shina halizidi unene wa kidole gumba, na majani yake ni laini, ya kijani kilichokolea, yakiwa yamejipanga kushoto na kulia kwa kitawi kwa kupishana, si mawili mawili kwenye kifundo kimoja. Nilipovunja kitawi, hakikutoa utomvu mweupe. Jirani anashikilia kuwa ni mstafeli uliodumaa, ilhali mume wangu anasema ni mlangilangi. Haujachanua tangu tufike. Naomba msaada wenu, maana mwenye nyumba ameniruhusu kuung'oa na mimi nakihitaji chungu.

Mwenye Kitalu

Usiung'oe kwanza, dada. Kukosekana kwa utomvu mweupe kunaondoa jamii yote ya mikuyu, na mpangilio huo wa majani unaondoa asumini, ambayo majani yake hutoka yakielekeana. Jirani na mume wako hawako mbali, kwa kuwa mstafeli, mtopetope na mlangilangi ni wa ukoo mmoja, na miche yao ikiwa midogo huwachanganya hata wauzaji. Geuza jani la mti huo utazame pembe ambapo mishipa ya pembeni inakutana na mshipa mkuu: kwenye mstafeli utaona vishimo vidogo sana, na jani likifikichwa hutoa harufu kali. Mlangilangi una majani makubwa zaidi, yenye kingo za mawimbi, na matawi yanayoning'inia. Tena ni mti mrefu kwa asili, ndiyo maana katika mashamba ya Komoro hukatwa kilele ili wachumaji wayafikie maua wakiwa wamesimama chini.

Binti wa Mvita

Samahani kaka, mbona mkilua umeusahau? Marehemu bibi yangu alikuwa nao mmoja, chunguni vilevile, na kimo chake kwa miaka yote niliyomjua hakikupita kichwa changu. Kilua ni ua dogo, nene, lenye petali sita, la kijani kinachoelekea njano, na ukipita karibu huwezi kulikosa, kwa kuwa harufu hukutangulia kabla hujaliona. Bibi alikuwa akilichuma jioni, akalifunga katika kikuba pamoja na asumini na mrehani, na lililobaki akaliweka chini ya mto. Kwa asili ni kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika kisayansi mwaka 1970, jina la jenasi alilichukua kwetu kama lilivyo: *Mkilua fragrans*.

Mwenye Kitalu

Nakubali, sikuufikiria, kwa sababu huku kando ya barabara wateja wetu huulizia zaidi miti ya kivuli na ya matunda. Hata hivyo, kwa majani peke yake siwezi kuapa, kwani ukoo huu una ndugu wengi msituni; ua ndilo litakaloamua. Kwa sasa dada, usiuache kwenye jua la mchana kutwa, hakikisha tundu la chini la chungu halijaziba, na usiupogoe, usije ukakata ncha zenye matumba.

Mpangaji wa Tanga

Ahsanteni sana. Nimegeuza majani kama kumi hivi nikiwa na tochi ya simu, na vishimo sikuviona hata kwenye jani moja. Kingo zake zimenyooka, na jani refu kuliko yote halijazidi kiganja changu, kwa hiyo nimemwambia mume wangu kwamba mlangilangi wake umeanguka, hajafurahi. Tundu la chungu lilikuwa limezibwa na mizizi, nikalizibua kwa msumari, maji meusi yakatoka. Chungu tumekisogeza chini ya mlimau. Kwenye kitawi kimoja, karibu na kikonyo cha jani, kuna tumba la kijani lenye ukubwa wa punje ya pilipili manga. Likifunguka nitaleta picha, na Binti wa Mvita ndiye atakayenithibitishia.