Dar na Nairobi: wapi kodi ya nyumba inabebeka?

Mbagala_Kwetu: Jamaa zangu wa Nairobi kila mwisho wa mwezi wanalia kodi. Mimi nasema Dar mtu wa kipato cha chini anapata chumba na bado anabaki na cha kula. Nairobi mshahara unapita tu kwenda kwa mwenye nyumba. Na chenyewe wanachopangishwa ni boksi, unageuza chapati umekaa kitandani. Nani anabisha?

MsichanaWaUmoja: Boksi? Ndugu yangu, bedsita yangu ina choo na bafu ndani. Wewe asubuhi unapanga foleni na taulo begani, wapangaji sita choo kimoja.

Kipanya77: Tuache vyoo. Mleta mada kapiga hesabu ya mwezi, wakati Dar wenye nyumba wengi hawataki kodi ya mwezi. Wanataka miezi sita mkononi, wengine mwaka, na dalali naye ana yake ya mwezi mmoja. Kama huna fungu hilo, huo unafuu unakufaa nini? Nairobi unatoa mwezi na dipoziti, unaingia.

MsichanaWaUmoja: Unaingia ndiyo. Tarehe tano ikipita unarudi kazini unakuta kufuli juu ya kufuli lako.

Mbagala_Kwetu: Nani kakwambia Mbagala nzima tunapanga foleni ya choo? Nina chumba masta, choo ndani, na uwanja wa kufugia kuku. Huko kwenu Nairobi, mtaa wa Pipeline, kuku anakaa wapi, ghorofa ya saba?

Otis_wa_Embakasi: Kuku wameingiaje hapa? Ila Pipeline nimeishi miaka miwili, sikatai. Saa sita mchana unawasha taa ndiyo uone sufuria. Ukifungua dirisha unasalimiana na ukuta wa jirani.

Wakili_wa_Kijiweni: Mnalalamika bure. Kenya ipo sheria ya kudhibiti kodi, na baraza la kumshtaki mwenye nyumba lipo.

MsichanaWaUmoja: Wakili, hiyo sheria inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe moja yenye maji nihamie leo.

Kipanya77: Bora nyie mna ya kuchekea. Sheria ya kwetu Tanzania ilifutwa 2005, mpangaji kabaki na mkataba wake, kama anao.

Otis_wa_Embakasi: Hata hiyo dipoziti mnayosifia hairudi. Nilipohama niliambiwa imeenda kwa rangi. Rangi! Ukuta niliupokea na moshi wa stovu ya aliyenitangulia.

Wakili_wa_Kijiweni: Ulipiga picha siku ya kuingia?

Otis_wa_Embakasi: Nilikuwa nabeba godoro, picha ningepiga na mguu?

Bi_Shamimu: Samahani nawakatiza. Mbagala_Kwetu, hao kuku ni wa kienyeji? Unauza?

Mbagala_Kwetu: Chotara, dada, sikudanganyi. Majogoo yapo manne.

Kipanya77: Miezi sita mkononi. Hakuna aliyenijibu.

Bi_Shamimu: Mawili nichukue Jumamosi?