Jahazi bado liko Misali

Salum: Assalaam alaykum. Kuna mtu bado asoma humu? Tangu Shaaban kimya

Zuhura: Waalaykumu salaam mdogo wangu tupo. Ramadhan ikaingia, Idi, masika, hatujakaa sawa karafuu zishawiva watu wote mashamba, tungecheza na nani

Salum: Da Zuhura mie nimevunjika moyo wallahi. Nilitia mtandaoni ile picha yetu barazani twacheza Dungeons & Dragons, mchezo wetu wa hadithi, kila mtu na mhusika wake na dadu zaamua, mmoja kasema huo uchawi, mwengine kasema dadu ni kamari, akaja na mmoja mwenye kuujua mchezo kabisa kasema mwatumia kitabu cha sheria cha 2014 na cha 2024 kishatoka kwa hivo hamchezi chochote. Nimeifuta

Hemedi: Ungeiwacha

Hemedi: Skiza Salum. Hayo ya uchawi yalisemwa huko huko Marekani miaka ya 80, wazazi wakiogopa watoto wao watachukuliwa na mashetani. Mchezo umetoka 1974, walioutunga ni Gygax na Arneson, na hao waliochukiwa wakati ule wengine wamecheza mpaka wamezeeka nao. Na kitabu chetu hakijafutika hata herufi

Zuhura: La kamari mie silipuuzi, hata mama kaniuliza. Nkamwambia hatuweki pesa, hakuna anaeliwa. Lakini kama dadu zamtia mtu wasiwasi tuziweke kando, tutie vikaratasi ndani ya kopo, 1 mpaka 20, mtu avute

Hemedi: Tena itakuwa mchezo ule ule da. 1979 dadu ziliadimika, waliouza mchezo wakawa watia vipande vya kadi vya namba ndani ya boksi. Ukishavuta rudisha tu kopo lisukwe, bahati iwe sawa kwa kila mtu

Salum: Hilo nlikuwa silijui kaka

Mwanaisha: Jamani mie asubuhi nachuma usiku nachambua, mikono yote yanuka karafuu. Lakini nkikaa kuchambua namuwaza mhusika wangu Mwana Kheri nlivomuacha mule pangoni na taa yataka kuzima. Nshamtungia mpaka mama yake na kwa nini aogopa maji, miezi yote hii yumo kichwani tu

Hemedi: Usiyaseme hapa!! Nitumie pembeni, mie ndie msimulizi, ntayatia ndani ya hadithi

Zuhura: Basi Ijumaa baada ya Isha, saa moja tu, watu wamechoka. Nyie mlio Pemba mpige simu tutaiweka katikati ya mkeka

Mwanaisha: Mtandao ukikata msinivutie karatasi yangu

Zuhura: Tutakungoja

Hemedi: Nimefungua daftari. Jahazi limefungwa magharibi ya kisiwa cha Misali, maji yakupwa, Mwana Kheri yumo pangoni. Salum weye ulikuwa juu ya mlingoti ukasema umeona tanga. La nani?

Salum: Ngoja nkatafute karatasi ya mhusika wangu, nnakuja